Kibada, Kigamboni: historia ya viwanja vya mradi, na mambo ya kukagua kabla ya kununua

MamaTunda

Habari za leo wakuu.

Kuna kiwanja Kibada, mita 20 kwa 30, muuzaji anasema ni cha ule Mradi wa Viwanja 20,000. Ana barua ya toleo (ofa) ya miaka ile, hati hana. Anataka milioni 45. Dalali anasisitiza kwamba viwanja vya mradi havina mgogoro kwa sababu serikali yenyewe ndiyo iliyopima.

Naomba wanaoijua Kibada wanisaidie haya: mradi wenyewe ulikwendaje? Lile zuio la Mji Mpya wa Kigamboni bado linagusa viwanja hivi? Nikague nini kwenye karatasi na nini kwenye ardhi yenyewe? Na maji yakoje? Kujenga sitaanza leo wala kesho, nilifikiria uzio kwanza.

---

Mkorosho

Karibu dada. Nianze na historia, maana nusu ya matatizo ya Kibada yamezaliwa humo.

Kabla ya mradi, kule kulikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na miembe, na nyumba chache chache. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza kupima viwanja jijini kwa mpigo ili kupunguza ujenzi holela. Hazina iliikopesha shilingi bilioni 8.9, wenye mashamba wakalipwa fidia, viwanja vikapimwa na kuuzwa, na mauzo yakarudisha mkopo. Kwa upande wa Temeke ya wakati ule mradi ulichukua Kibada, Kisota, Mwongozo, Gezaulole, Toangoma na kwingineko. Kinondoni kulikuwa na Mbweni, Bunju, Boko, Mivumoni. Ilala kulikuwa na Buyuni na Mwanagati. Viwanja vilivyopimwa mwishoni vilizidi lile lengo la 20,000.

Hela ile ilitosha kulipa fidia, kupima na kufungua barabara kwa greda. Mabomba, umeme na lami viliachwa vije baadaye. Kwa hiyo wengi walionunua hawakuhamia. Waliweka kiwanja kama akiba, vichaka vikaota, na kiwanja kilichokaa kichaka miaka mingi ndicho kinachouzwa mara mbili au kumegwa na jirani.

Halafu Oktoba 2008 ukaja mpango wa Mji Mpya. Kata za Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada na Somangila zikatangazwa eneo la mpango, na watu wakazuiwa kuendeleza majengo. Mtu aliyenunua kiwanja halali cha serikali akaambiwa na serikali hiyohiyo asubiri. Hilo liliwaumiza watu wengi sana, na mpaka leo utaona misingi iliyoishia usawa wa jamvi, nondo zimechomoza juu zina kutu. Mradi haukutekelezwa kama ulivyochorwa, wakala uliokuwa ukiusimamia ulivunjwa, na kazi ya kupanga na kutoa vibali ikarudi kwenye manispaa. Kwa hiyo zuio la 2008 lisikunyime usingizi. Kagua tu kama kiwanja chako kimeguswa na mchoro mpya wa barabara au wa huduma za jamii.

Kilichoifungua Kibada hasa ni Daraja la Nyerere, lililozinduliwa Aprili 2016: mita 680, njia sita, Kurasini hadi ng'ambo. Kabla ya hapo ilikuwa ni pantoni ya Magogoni au kuzunguka Kongowe. Daraja lina tozo, na viwango vilishushwa 2022, ila ipige hesabu ya mwezi mzima kama utakuwa unavuka kila siku.

---

Kipimo_Sahihi

Mkorosho ameeleza vizuri. Mimi nitajibu la ardhi yenyewe, kwa sababu kauli ya dalali kwamba "serikali ilipima" ni ya kweli lakini haikulindi. Upimaji unakuambia mipaka iko wapi kwenye ramani. Haukuambii kama bikoni, yaani alama za mipaka kwenye kona, bado zipo, wala kama nyumba ya jirani imeingia mita mbili ndani.

Kwanza omba nakala ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Ina namba ya usajili, namba ya kiwanja na kitalu, namba za bikoni, urefu wa kila upande na jedwali la majira-nukta, yaani namba zinazoonyesha kila bikoni iko wapi duniani. Linganisha na barua ya toleo: namba ya kiwanja, kitalu na ukubwa vifanane vyote vitatu. Ofa ikisema mita za mraba 600 na ramani ikasema 571, anayesema ukweli ni ramani.

Kisha nenda kiwanjani na panga, jembe, futi kamba ya mita 50 na watu wawili. Bikoni ni kipande cha nondo kilichosimikwa kwenye zege, juu pameandikwa namba. Kibada udongo wa juu ni mchanga, kwa hiyo nyingi zimefukiwa. Chimba taratibu sehemu inayotarajiwa kabla hujatangaza kwamba imeng'olewa. Zinazopotea kwanza ni mbili za upande wa barabara, kwa sababu greda likipita kusawazisha linazibeba. Za nyuma huwa salama zaidi, labda jirani awe amejengea ukuta juu yake.

Ukipata zote nne pima pande, halafu pima kona kwa kona. Kiwanja cha 20 kwa 30 chenye pembe mraba kinatoa mita 36.06 kona kwa kona, pande zote mbili. Ukipata 36 upande mmoja na 34.5 upande wa pili, kuna bikoni imehamishwa au umbo halijanyooka kama ulivyoambiwa. Kiwanja cha kona ya barabara kitakuwa kimekatwa kidogo pembeni na hiyo ni kawaida, ramani itaonyesha.

Kuna kosa moja linawapoteza watu wengi, naomba ulisome mara mbili. Ramani nyingi za miaka ile zimetumia mfumo wa majira-nukta wa zamani, Arc 1960. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua majira-nukta ya ramani ukayaingiza kwenye simu moja kwa moja, utapelekwa takribani mita 300 kutoka kwenye kiwanja chenyewe, yaani mtaa mwingine kabisa. Watu wameonyeshwa viwanja vya wengine kwa njia hiyo na kila mtu akiamini anasema kweli. Mpimaji anabadilisha mfumo kwanza, na hata baada ya kubadilisha, simu ya kawaida inakosea mita kadhaa. Inafaa kukufikisha mtaani, haifai kuamua mpaka.

Bikoni zikikosekana, muuzaji ndiye agharamie kufufua mipaka kwa mpimaji mwenye leseni, na kazi ifanyike majirani wakiwepo pamoja na mjumbe. Usikubali bikoni mpya iliyowekwa na fundi kwa kukadiria kutoka kwenye ukuta wa jirani.

La mwisho kwangu: omba kuona mchoro wa mipango miji, usiishie kwenye ramani ya upimaji peke yake. Mchoro ndio unaoonyesha wapi ni shule, zahanati, soko na eneo la wazi. Kiwanja kinachoonekana kizuri, kimekaa peke yake katikati ya mtaa uliojaa nyumba, kiulizie mara mbili. Eneo la wazi likimegwa, anayebaki na hasara ni mnunuzi wa mwisho.

---

Shamsa_Milki

Kwa upande wa karatasi, dada MamaTunda, hicho ulichoonyeshwa ni ofa. Ofa ina masharti: alipaswa kuikubali na kulipa ada zilizoorodheshwa ndani ya muda uliotajwa. Usipoona stakabadhi za serikali za malipo yale, hujui kama alikamilisha au iliishia njiani. Kwa hiyo fanya hivi, kwa mpangilio huuhuu.

Chukua namba ya kiwanja, kitalu na namba ya jalada (mara nyingi ina herufi LD) uende ofisi ya ardhi. Majalada ya Kibada yalifunguliwa eneo likiwa chini ya Temeke, kabla Kigamboni haijawa wilaya, hivyo ukiambiwa jalada halionekani, uliza na huko lilikotoka kabla hujakata tamaa. Unachotafuta ndani ni mambo manne: jina la aliyemilikishwa, kama ada zililipwa, kama kuna barua ya zuio au mgogoro, na kama kuna mtu mwingine aliyewahi kupewa ofa ya kiwanja hichohicho.

Omba pia kuona ankara ya kodi ya pango la ardhi. Jina linalotoka kwenye mfumo ni dokezo la haraka. Likitofautiana na la muuzaji, simama hapo mpaka upate maelezo yenye karatasi. Malimbikizo ya pango yawe juu yake na yalipwe kabla ya chochote, maana yanafuata kiwanja, hayamfuati mtu.

Kisha mwambie atoe hati kwa jina lake kwanza. Usikubali ile ya "nitakuandikia mkataba, wewe utatoa hati kwa jina lako moja kwa moja." Ni njia ya mkato inayokwama kwa afisa, na muuzaji akishakula hela hana sababu ya kurudi kusaini. Hati ikitoka, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi unaonyesha mmiliki, muda uliobaki, rehani na kaveati (zuio lililosajiliwa na mtu mwenye madai). Hapo ndipo mnakwenda kwa wakili.

Uhamisho unahitaji fomu 3: Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya kuomba idhini na Na. 35 ya uhamisho wenyewe. Zinaambatana na mkataba wa mauziano, hati halisi, picha na vitambulisho vya NIDA vya pande zote, namba za mlipakodi, stakabadhi ya pango, na taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu. Muuzaji akiwa na mwenza, idhini ya mwenza kwa maandishi ni lazima, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Akiwa ni mrithi, kwanza msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama na asajiliwe kwenye hati. Mkutano wa ukoo peke yake hautoshi.

Kodi: muuzaji analipa asilimia 10 ya faida, mnunuzi kwa kawaida analipa ushuru wa stempu asilimia 1. Kwa mfano, kama gharama zake zote zenye stakabadhi ni milioni 7 na anakuuzia 45, faida ni 38 na kodi yake ni milioni 3.8. Stempu yako ni kama 450,000. Msiandike bei ya uongo kwenye mkataba ili kupunguza kodi: uthamini utawaumbua, na siku ukidai kurudishiwa hela mahakamani utadai ile ndogo iliyoandikwa.

Malipo yagawe kwa hatua. Kidogo baada ya jalada kuwa safi, kikubwa baada ya hati kutoka na fomu kusainiwa, na kiasi cha kodi yake kibaki mkononi mwa wakili mpaka TRA ilipwe. Muuzaji asiyekubali mpango huu amekujibu swali lako.

---

MamaTunda

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nimerudi kumwuliza muuzaji. Anasema kama hati inachelewesha, anaweza kuniuzia nusu tu ya kiwanja kwa barua ya Serikali ya Mtaa, "kama wanavyofanya wote." Na amesema ameshachimba kisima kifupi pale, kwa hiyo maji si tatizo. Hili limekaaje?

---

Shamsa_Milki

La nusu kiwanja: hapana. Kiwanja kilichopimwa kina namba moja na milki moja. Kukigawa kunataka kibali cha mipango miji, mchoro mpya, upimaji mpya na namba mpya mbili. Serikali ya Mtaa inakutambua kama mkazi na inaweza kushuhudia mauziano, haina mamlaka ya kugawa milki iliyopimwa. Ukinunua nusu kwa barua, hati itatoka ya kiwanja kizima kwa jina lake, na wewe utakuwa mgeni ndani yake.

---

Bomba_la_Inchi_Mbili

Kisima kifupi ndicho nilichotaka kukisemea.

Kanuni inayotumika sana ni mita 30 kati ya kisima na shimo la maji taka. Kiwanja chako kina kona kwa kona mita 36. Maana yake hata ukiweka kisima kona hii na shimo kona ile, umefika ukingoni, na bado hujahesabu mashimo ya majirani watatu ambayo yatakuwa mita 5 au 10 kutoka ukuta wako. Kwenye mchanga maji taka yanasafiri upesi. Leo majirani ni wachache, maji yanaonekana safi. Mtaa ukijaa, kisima kilekile kinaanza kuwa na nitrati na vijidudu bila kubadilika rangi wala harufu. Kisima kifupi kitumie kufyatulia tofali na kumwagilia. Cha kunywa kiwe kirefu, bomba lake lizibwe kwa saruji kuanzia juu ili maji ya juu yasipenye, na kibali kiombwe Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kabla ya kutumia peleka sampuli maabara, upime chumvi pia, kwa sababu peninsula yote ya Kigamboni imezungukwa na bahari na mkono wa bahari. Ukivuta sana, chumvi inapanda.

Maji ya bomba yameimarika. Visima virefu vya DAWASA na tangi la lita milioni 15 la Kisarawe II vilizinduliwa 2022, na mtandao unaendelea kusambazwa. Usiulize "Kibada kuna maji?" Uliza bomba la usambazaji liko mita ngapi kutoka kiwanja chako, ni la inchi ngapi, na mtaa unapata siku zipi. Bomba dogo lililovutwa na watu wachache kwa kuchangiana halihimili mtaa mzima.

Umeme vilevile: hesabu hatua kutoka nguzo ya karibu. Ndani ya mita 30 huhitaji nguzo, zaidi ya hapo kila nguzo inaongeza bili.

---

Ngalawa

Naongeza moja kuhusu kwa nini huduma Kibada zinachelewa ukilinganisha na Sinza, maana watu wanalaumu bila kupiga hesabu. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vya mita 12 kwa 24, yaani mita za mraba 288. Mita 100 za bomba mtaani zinahudumia nyumba 16, nane kila upande. Kwa viwanja vya upana wa mita 20 kama hiki, mita 100 zilezile zinahudumia 10. Vikiwa vya mita 25, nyumba 8. Na kama nusu ya viwanja ni vichaka, nyumba 4 tu ndizo zinazolipia bomba, nguzo na kifusi cha barabara. Kwa hiyo unapochagua mtaa ndani ya Kibada, hesabu nyumba zinazokaliwa kwenye mita 100 za barabara yako. Nyumba 6 na kuendelea, mtaa huo una sauti na utapata huduma mapema.

Habari nyingine njema ni barabara ya Kibada–Mwasonga–Kimbiji, kilomita 41, inayojengwa kwa lami. Itavuta magari na maduka, lakini ina hifadhi yake ya barabara. Kiwanja kikiwa kinaigusa, hakikisha hakuna alama ya X wala kigingi cha TANROADS ndani.

---

Mkorosho

Nimalizie la uzio. Masharti ya milki yanadai jengo, kwa kawaida ndani ya miezi 36, na uzio peke yake hauhesabiki kuwa umeendeleza. Unasaidia kuzuia kumegwa, basi. Na wenyewe unataka kibali cha manispaa.

Mzunguko wa 20 kwa 30 ni mita 100. Toa geti la mita 4, zinabaki 96. Ukuta wa mita 2 ni mita za mraba 192, na tofali za inchi 6 zinakwenda kama 9 kwa mita ya mraba pamoja na za kuvunjika, yaani kama tofali 1,750 bila kuhesabu msingi. Weka nguzo ya zege kila mita 3, na acha matundu ya kupitisha maji chini, maana masika maji yakijikusanya upande mmoja ukuta uliosimama kwenye mchanga mtupu unalala. Mchanga wa ufukweni usiuguse: una chumvi, unakula nondo na kuacha unga mweupe ukutani.

Pesa ikiwa ni ndogo, kwa kuanzia tosheka na nguzo nne za zege zenye urefu wa mita moja, kila moja ikiwa hatua moja ndani ya bikoni yake, bila kuigusa bikoni, na kibao chenye namba ya kiwanja na kitalu. Fyeka kila baada ya masika na vuli.

Na kama ndani ya kiwanja kuna msingi wa enzi za zuio, usiulipie kama mali kabla fundi hajafukua pembe mbili kuona kina na zege. Nondo zilizochomoza hewani miaka yote hiyo zisugue kwa brashi ya waya: zikibanduka magamba na kubaki nyembamba kuliko kipimo chake, zikatwe, na mhandisi wa majengo aseme kama zitaungwa au msingi uanze upya.

---

MamaTunda

Nimeelewa. Nusu kiwanja sitaki. Jumatatu naanza na jalada, nikipata namba ya ramani nitaileta hapa Kipimo_Sahihi anisaidie kuisoma.

---

Kipimo_Sahihi

Ilete, ila ficha jina la mmiliki. Piga picha jedwali la majira-nukta pamoja na maandishi madogo ya pembeni yanayotaja mfumo uliotumika, maana hayo ndiyo watu husahau kupiga.